Eastleigh: kambi ya ndege za mizigo tunayoipita kila siku

Wengi wetu tunaipita Moi Air Base kwa matatu, pale Juja Road, na tunachoona ni ukuta na waya tu. Muulize mtu habari za Jeshi la Wanahewa, atakutajia Nanyuki kwa sababu ndiko ziliko F-5, zile za kutupigia kelele siku za sherehe. Mimi nasema ukitaka kujua serikali ina mkono mrefu kiasi gani, tazama Eastleigh. Hapa ndipo zinapokaa ndege za kubeba watu na mizigo.

Zamani huu ndio uliokuwa uwanja wa ndege wa Nairobi, raia na jeshi la Uingereza wakiutumia pamoja. Mwaka 1958 abiria wakahamia Embakasi (uwanja ambao, tusisahau, ulijengwa kwa jasho la mahabusu wa Mau Mau). Wanajeshi wakabaki. Miaka michache kabla ya hapo, ndege za Lincoln zilikuwa zikiruka kutoka hapa hapa kwenda kuangusha mabomu katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya.

1959 zikaja Beverley. Ile haikuwa ndege bwana, ilikuwa nyumba yenye mabawa! Injini nne, magurudumu yasiyokunjwa, na tumbo la kumeza askari 94. Mwaka 1961 Iraq ilipodai kwamba Kuwait ni yake, Waingereza walichota askari wao waliokuwa Kenya na kuwarusha hadi huko. Mwaka huo huo mafuriko yalipokata barabara kwetu, ndege za Eastleigh zikawadondoshea watu chakula. Kambi ni ile ile. Anayeamua kipakiwe nini ndiye anayeleta tofauti.

Januari 1964 askari wa Uganda waliasi kule Jinja. Obote aliomba msaada, na usiku ule ule Waingereza kutoka Kenya wakatua Entebbe. Kwa lori ingekuwa hadithi nyingine kabisa.

Kenya ikaanzisha jeshi lake la anga tarehe 1 Juni 1964, na Waingereza wakaondoka kabla mwaka haujaisha. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970, zikafika Buffalo kutoka Kanada. Buffalo inatua kwenye kipande kifupi cha vumbi, inafungua mlango wa nyuma, inashusha, inaondoka. Kwa nchi ambayo kaskazini yake ilinyimwa lami miaka yote ile, hiyo ndiyo ndege, si F-5.

Halafu ikaja Agosti 1, 1982. Wanahewa walioasi, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka wa kambi hii hii, waliteka redio. Marubani waliolazimishwa kurusha F-5 walikwepa kuipiga Nairobi. Mambo yalipoharibika, Ochuka na mwenzake Pancras Okumu walikimbilia wapi? Kwenye Buffalo! Wakalazimisha wapelekwe Dar es Salaam. Tanzania iliwarudisha 1983, wakanyongwa Kamiti 1987. Jeshi zima la Wanahewa lilivunjwa, likaitwa "82 Air Force" chini ya jeshi la nchi kavu, na jina lake halikurudi mpaka 1994.

Kazi ya kubeba ina damu yake pia. Aprili 10, 2006, ndege ya jeshi aina ya Y-12, iliyotoka Nairobi na wabunge waliokuwa wakienda kupatanisha jamii, iligonga mlima Marsabit. Kati ya watu 17 walikufa 14, Bonaya Godana na Mirugi Kariuki wakiwemo.

Siku hizi Spartan za Italia zimechukua nafasi ya Buffalo. Lakini magorofa ya Eastleigh nayo yanazidi kupanda, na ndege ikipaa inapita juu ya nguo zilizoanikwa. Nani aliyeruhusu yajengwe karibu hivyo?

Mliokuwa mkiishi Mathare au Section Three asubuhi ile ya 1982, tuambieni hapo chini mlisikia nini.