Thredi nne lakini programu bado inajikokota? Pengine saa yako ndiyo inakudanganya

Wasee wa kuandika programu, hii ni yenu. Juzi nilipata kazi ya mtandaoni: mteja anataka programu yake ya C ikimbie haraka. Ilikuwa inachukua sekunde 12. Nikagawa kazi kwa thredi nne, nikapima na clock(), na bado ikasoma 12! Maze, nilikuwa karibu kumwambia mteja nimeshindwa, na doo yake ndiyo ilikuwa ya kulipa nyumba.

Kumbe programu ilikuwa fiti. Saa ndiyo ilikuwa mbaya.

Fikiria mjengo. Kuna mtaro wa masaa 12 kwa mtu mmoja. Ukiita vibarua wanne, wanamaliza kwa masaa matatu. Mwenye ploti amengoja masaa matatu, lakini nyapara akijumlisha masaa ya kila kibarua anapata zile zile 12. Kwa Linux, clock() ni huyo nyapara: inajumlisha muda ambao prosesa imefanyia kazi thredi zote. Mteja ndiye mwenye ploti. Yeye anajali saa ya ukutani tu.

Na usishangae beste yako wa Windows akipata jibu tofauti. Clock() ya Microsoft husoma saa ya ukutani.

Basi pima hivi:

Kwanza, kwa C tumia clock_gettime() na CLOCK_MONOTONIC. Java ni System.nanoTime(), Python ni time.perf_counter(). Hizi hazirudi nyuma hata mtu akibadilisha saa ya lapi.

Pili, usisimamishe saa kabla thredi zote zimalize. Ngojea kila moja na join. Ukisahau, utakuwa umepima muda wa kuita vibarua, si wa kuchimba.

Tatu, pima mara kadhaa, uchukue jibu la katikati. Mara ya kwanza mara nyingi huwa nzito.

Lakini nyapara pia usimfute. Ukutani ikisoma 3 na yeye 12, thredi zinapiga kazi kweli. Zote mbili zikisoma 12, jua kibarua mmoja anachimba na watatu wanangojea jembe. Hapo shida si saa tena, ni programu yako.

Mimi nilipima upya, nikapata sekunde tatu na kidogo. Mteja akatuma doo, na mwenye nyumba akaacha kunibishia mlango.