Ukuta Utokao Kiwanjani



Katika mitaa mingi ya Mombasa tumezoea jambo ambalo mgeni hulistaajabia: nyumba ni ya mtu, ardhi si yake. Kuta amezijenga, paa ameliezeka, na bado hulipa kodi ya kiwanja. Ogembo, mji wa Gucha katika Kaunti ya Kisii, mambo ni kinyume. Kule ardhi ni urithi. Imegawanywa toka babu hadi mjukuu mpaka ikawa vipande vyembamba, lakini kipande mtu anacho. Kinachomshinda ni ukuta. Nasi tunaandika kwa sababu wapo wana wetu waliooa, kuolewa au kufuata biashara bara, na swali lao ni moja: je, tukakope?

Kwanza tuutazame ukuta wenyewe. Tofali la kuchoma lataka tanuri, na tanuri lataka kuni nyingi. Mikaratusi ambayo ingeuzwa huishia motoni. Tofali lisilolingana nalo hula saruji katika viungo, kisha ukuta hudai lipu. Fedha hupotelea hapo.

Ipo njia nyingine, ya tofali la kufungamana. Udongo mwekundu huchimbwa kiwanjani, chini ya ule mweusi wa juu, ambao hurudishwa shambani kwenye migomba. Huchekechwa, ukachanganywa na saruji kidogo, aghalabu sehemu 5 hadi 10 katika mia, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono. Halichomwi. Hufunikwa kivulini na kunyunyiziwa maji kwa siku saba au zaidi, likakomaa kwa takriban wiki nne. Kwa kuwa tofali moja hushika jingine, saruji ya viungo ni haba, na wengi hawapigi lipu. Tahadhari ni kuwa udongo wa huko una mfinyanzi mwingi, na ukikosa mchanga tofali hupasuka. Tieni udongo katika chupa ya maji, tikiseni, mwache siku moja: mchanga hukaa chini, mfinyanzi juu. Fundi asiyejali kuupima udongo msimkabidhi kazi.

Mvua ya Kisii hupita milimita 1,500 kwa mwaka, hivyo msingi uinuliwe kwa mawe na paa litokeze nje ya ukuta. Mvua hiyo hiyo, kwa mfereji wa bati na tangi, humpunguzia mama safari za mtoni.

Serikali nayo, kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, humkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara. Mwenye shilingi 40,000 hukatwa 600, na mwajiri huongeza 600. Fedha hizo hujenga maghorofa. Mwenye kiwanja Ogembo hana haja ya chumba cha ghorofa ya tatu, lakini makato yake ayahesabu katika matumizi ya nyumba.

Ama mkopo wa riba, jibu letu mnalijua. Tangu 2008 Kenya ina benki zinazofuata sharia, ambapo benki hushirikiana na mteja katika nyumba, naye akainunua sehemu yake kidogo kidogo. Someni mkataba mpaka mwisho, maana halali si lazima iwe rahisi. Kwa nyumba ndogo, chama cha akina mama chatosha zaidi: mwezi huu mabati ya huyu, mwezi ujao saruji ya yule, kwa bidhaa wala si fedha mkononi.

Lakini andikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqarah, yahusu kuandika deni, na bado wake wengi huona haya kumwomba shemeji saini. Mke anapotoa fedha zake kununua mabati ya nyumba iliyo katika ardhi ya ukoo wa mume, mali hiyo ilikuwa yake. Iandikwe ni zawadi, ni mkopo au ni ushirika, pamoja na kiasi, tarehe na mashahidi, kabla bati la kwanza halijapigiliwa msumari.