Usiogope sindano ya mgongo, majibu yake huokoa maisha

Mtaani kuna imani sugu kwamba ukitolewa maji mgongoni utapooza au utakufa. Daktari akitaja sindano hiyo tu, kuna familia zinazokataa katakata kutia sahihi.

Lakini kinachoua ni homa ya uti wa mgongo yenyewe. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kuwa kati ya wagonjwa 6 wanaopata homa hiyo kutokana na bakteria, 1 hufariki. Wanaopona nao, 1 kati ya 5 hubaki na madhara makubwa, kama vile uziwi.

Kwa mtu mzima, uti wenyewe huishia juu ya pale sindano inapodungwa, kwa hivyo haugusiki. Baadhi ya watu huumwa na kichwa siku chache baadaye, kisha yanaisha.

Je, maji hayo yakifika maabara, nini hufanyika? Kwanza hutazamwa. Ya mtu mzima wa afya huwa maangavu kama ya kunywa. Yakiwa na ukungu, hiyo si dalili njema. Kisha fundi huhesabu chembechembe nyeupe, hupima sukari na kutia rangi tone moja ili asake bakteria kwa hadubini. Yote haya huchukua muda mfupi tu.

Kuna pia vipimo vya kijiti, mithili ya kile cha ujauzito, vinavyotoa jibu kwa dakika chache. Mashine za PCR nazo husaka chembe za urithi za bakteria, na baadhi hutoa majibu kwa takriban saa 1. Kuotesha bakteria huchukua siku 1 hadi 3, ila bado kunahitajika ili kujua dawa ipi itawamaliza.

Hapa ndipo wengi wetu tunajikwaa. Ukimeza antibiotiki za kemisti kwanza, bakteria huenda wakakosa kuota maabara, ingawa ungali mgonjwa. PCR inaweza kuwanasa hata hivyo, lakini si kila hospitali inayo. Mwambie daktari ulichomeza, usifiche.

Homa kali, shingo kukakamaa, kichwa kuuma ajabu, mwanga kukuchoma macho au kuchanganyikiwa: usingoje kesho, kimbia hospitali. Daktari akishuku ugonjwa huu, ataanza dawa hata kabla ya majibu kutoka. Na akiomba kukutoa maji mgongoni, muulize maswali yote uliyo nayo, kisha umruhusu.