Si PPCM inayomshinda mtoto wako

Kila ninapokutana na walimu wa Masisi au Walikale, huku Kivu Kaskazini, swali ni lilelile: tufanyeje watoto wakariri PPCM (kigawe kidogo cha shirika) upesi? Wazazi nao huuliza hivyohivyo. Swali hilo limenichosha, kwa sababu linatibu ugonjwa usiokuwepo. Mtoto anayeandika 1/2 + 1/4 = 2/6 hajasahau kanuni yoyote. Anaamini amepata. Mwimbishe PPCM mpaka jioni, kesho ukibadilisha namba atarudi palepale.

Chukua bidoni ya lita 20 ya mawese. Nusu yake ni lita 10, robo ni lita 5. Ukizimimina pamoja zinakuwa 15, yaani 3/4 ya bidoni. Na 2/6 ya bidoni hiyo? Lita 6 na kitu. Alikuwa na 10, akaongeza 5, zikawa 6! Mtoto wa muuza mawese hakubali biashara hiyo sokoni. Daftarini anaikubali, maana hakuna aliyemwonyesha kwamba namba zile zinasema habari ya mafuta.

Hesabu hiyo mbovu ameitoa wapi? Kwetu sisi walimu. Fungua buletini yake: somo moja 6/10, jingine 14/20, jumla 20/30. Juu kwa juu, chini kwa chini, na saini ya direkta. Na jumla hiyo ya alama ni sahihi kabisa, ndiyo maana inapotosha. Kwenye alama, 10 za mtihani mmoja zimeungana na 20 za mwingine, kwa hiyo kizima chenyewe kimekua hadi 30. Bidoni haikui. Nusu na robo zimetoka katika kizima kimoja, na baada ya kujumlisha kizima ni kilekile. Tofauti hiyo ndiyo somo lenyewe, nami naiona ubaoni mara chache mno. Tunamwadhibu mtoto kwa kufuata mfano tuliompa wenyewe, halafu tunasema hana kichwa cha hesabu!

Ubaya unazidi kwa watoto waliokimbia vita, kama vile vilivyofika Walikale-centre Machi 2025. Wanarudi wakiwa wamepoteza miezi, na kwa kuwa programu inakimbia wanarushwa moja kwa moja kwenye ukurasa wa PPCM. Huko si kuwasaidia kufidia muda. Mtoto asiyejua kwamba 1/8 ya jibini ni ndogo kuliko 1/4 ya jibini lilelile hana cha kufanya na PPCM.

Basi fanyeni hivi. Alama za mtihani ziandikeni “6 kwa 10”, mstari wa sehemu uacheni kwa sehemu. Kila sehemu iulizwe: ya nini? Linganisheni kabla ya kujumlisha, na mtoto akisie kwanza kama jibu litapita nusu. Anzeni na sehemu zenye namba ileile chini, 1/4 na 2/4, kisha nusu na robo. PPCM ije mwisho. Choreni mstari wa namba unaopita 1, ili 5/4 isimshtue mtu. Vifaa hakuna? Kamba ya mgomba inatosha hata darasa la watoto 70: ikunjwe iwe vipande viwili sawa, kisha vinne, kisha vinane. Theluthi inasumbua kukunja. Mpe mtoto muda ajaribu mpaka vipande vitatu vilingane, usimkunjie.