Mpini wa Jembe: Ununue, Uchonge au Umpe Fundi?

Singida ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Anayechelewa kupanda mtama, uwele au alizeti hana vuli wala masika ya pili ya kujifidia. Kwa hiyo mpini unaolegea katikati ya palizi hugharimu kuliko bei yake: siku ya kazi imepotea, na jembe likichomoka hewani ni jeraha la mguu. Njia ni tatu.

Kununua uliochongwa tayari
Ni njia ya haraka, lakini mipini mingi ya mnadani huchongwa ingali mibichi. Mti ukikauka husinyaa, na tundu la chuma halisinyai. Shika mipini miwili ya mti na unene mmoja. Ulio mzito zaidi huenda bado una maji. Tazama nyuzi: ziende sambamba na mpini mpaka mwisho. Zinapokatiza mshazari ndipo utakapovunjika. Wenye fundo karibu na kichwa uuache.

Kuchonga mwenyewe
Fedha ni kidogo, muda ni mwingi. Mkole unafaa: ni mgumu, tena hunepa bila kukatika upesi. Ukate mvua zikiisha, uuanike kivulini kiangazi kizima, maana jua kali huupasua. Kama msitu ni wa kijiji, omba ruhusa kwa serikali ya kijiji. Kama ni hifadhi ya serikali kuu, nenda kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Faini moja hufuta nafuu yote.

Kumpa fundi
Fundi anastahili malipo kwa jembe la mkia, ambalo mpini wake hutobolewa kwa chuma cha moto. Tundu likizidi upana, mpini umekwisha. Jembe la tundu unaliweza nyumbani. Paka masizi ya sufuria ndani ya tundu, ingiza mpini, uchomoe, kisha paruza palipoingia weusi. Rudia hadi weusi uenee pande zote. Hapo chuma na mti vimekumbatiana.

Usiloweke jembe ili likaze. Mti huvimba, nyuzi zake hupondeka dhidi ya chuma, na ukikauka hulegea zaidi. Kabari ya mti mkavu inatosha. Paka mpini mafuta kidogo ya alizeti ili usinywe maji upesi. Oili chafu ya gari hudhuru ngozi.

Uchague upi?
Mwenye jembe moja au mawili na kiangazi mbele yake, achonge. Mwenye vibarua na majembe mengi anunue mipini Juni au Julai, aianike, kisha amlipe fundi aipachike yote kwa pamoja. Aliyekumbushwa na mvua, anunue mkavu hata kwa bei ya juu. Ule mbichi wa bei nafuu ataununua mara mbili.