Mchambuzi wa uhalifu anasomea nini?

Kijana anayetaka kusomea uchambuzi wa uhalifu na intelijensia chuoni asitarajie kufundishwa kufukuza wezi. Atasoma takwimu na ramani, na ataandika ripoti, tena nyingi.

Chukua magendo ya karafuu hapa Pemba, ambako mnunuzi halali ni ZSTC peke yake. Gunia moja likikamatwa ni kesi. Yakikamatwa mengi, mchambuzi huyapanga: bandari bubu ipi, saa ngapi, maji bamvua au maji mafu, bei Kenya imepanda? Hapo doria hujua ikae wapi usiku.

Fununu ya kijiweni huipima kwanza, maana jina la mtu likitajwa ovyo huvunja nyumba. Na karafuu zako zikiibwa jamvini usiporipoti kituoni, kwenye hesabu yake Konde ni shwari.