Maoni ya Msomaji na Kazi ya Sayansi

Wapo wadhanio kwamba maoni ya mtu binafsi kuhusu kitabu alichokisoma hayana nafasi katika sayansi. Maoni, wasema, ni mambo ya fasihi. Sayansi ni vipimo na majaribio. Mwenendo wa Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza aliyeishi tangu 1809 hadi 1882, waonyesha vingine.

Kuanzia 1838 hadi 1860 Darwin aliweka madaftari ya usomaji. Humo aliorodhesha vitabu alivyokusudia kuvisoma na vile alivyokwisha kuvisoma: vya elimu ya viumbe, safari, historia, hata riwaya. Penginepo aliongeza neno moja au mawili ya hukumu: hiki kizuri, kile dhaifu, kingine kakipitia juujuu tu.

Kusoma bila kukubali

Darwin alipokuwa akijiandaa kusafiri katika meli ya Beagle mwaka 1831, mwalimu wake, John Henslow, alimshauri asome juzuu ya kwanza ya kitabu cha jiolojia cha Charles Lyell, lakini asiyakubali mawazo yaliyomo. Lyell alishikilia kwamba sura ya dunia imebadilika polepole, kwa nguvu zile zile zinazofanya kazi hata leo.

Mnamo Januari 1832 meli ilitia nanga Santiago, katika visiwa vya Cape Verde. Huko Darwin aliona katika jabali la pwani tabaka jeupe lenye makombe ya baharini, nalo liko juu ya usawa wa bahari. Ilikuwa dhahiri kwamba ardhi hiyo iliwahi kuwa chini ya maji. Akasadiki kwamba njia ya Lyell ndiyo bora. Hukumu hiyo hakuipokea kwa mwalimu wala hakuinakili kitabuni. Aliipima kwa mwamba.

Mwaka 1838, kwa kujiburudisha tu kama alivyoeleza baadaye, alisoma insha ya Thomas Malthus, isemayo kwamba watu huelekea kuongezeka upesi kuliko chakula. Darwin aliona kwamba jambo hilo lawahusu viumbe wote: wazaliwao ni wengi kuliko wawezao kuishi, na wenye tofauti ziwafaazo ndio huelekea kubaki na kuzaa. Hapo ndipo alipopata msingi wa nadharia aliyoitangaza kitabuni mwaka 1859.

Kuandika papo hapo

Katika maelezo ya maisha yake Darwin ataja kanuni aliyoifuata kwa miaka mingi. Kila alipokuta jambo lililopingana na mawazo yake, aliliandika mara moja. Kwani aligundua kwamba mambo ya namna hiyo husahaulika upesi kuliko yale yanayotuunga mkono. Kitabu kikiwa chake, alitengeneza mwishoni faharasa ya mambo yaliyohusu kazi yake. Kikiwa cha kuazima, aliandika muhtasari kando.

Njia hiyo ya pili yafaa sana shuleni, ambako kitabu kimoja hupita katika mikono mingi na hakistahili kuchorwa. Mwanafunzi atosheke na daftari. Kwa kila kitabu aandike mambo matatu: mwandishi adai nini, atoa ushahidi gani, na ni jambo gani alijualo msomaji lisilopatana na dai hilo. La tatu ndilo gumu, nalo ndilo mwalimu apaswa kulisahihisha kwa makini zaidi.